Picha nyeusi na nyeupe: rangi haziondoki, zinageuka kijivu

Dhana: Ukifuta rangi kwenye simu, kazi imekwisha.

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Kila rangi lazima igeuke kijivu fulani, na ukiiachia programu iamue, huenda ikaamua vibaya. Baadhi ya programu huchukua namba kubwa kabisa na ndogo kabisa kati ya nyekundu, kijani na bluu, kisha zinatoa wastani. Kwa hesabu hiyo nyekundu safi, kijani safi na bluu safi zote huangukia karibu 128 kwenye kipimo cha 0 (nyeusi kabisa) hadi 255 (nyeupe kabisa). Khanga nyekundu yenye maua ya kijani inabaki kitambaa kitupu.

Tumia sehemu ya kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe yenye kitelezi cha kila rangi. Anza na uso. Ngozi ya kahawia hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa bluu, kwa hiyo ukipandisha nyekundu na chungwa uso unang'aa na madoa yanafifia. Ukizishusha, uso unakuwa mzito na kila kovu linajitokeza. Kwa picha ya mzee mwenye mikunjo hilo laweza kuwa ndilo unalolitaka. Pandisha kidogo kidogo, 10 kisha 20, huku ukitazama midomo. Nayo ina wekundu, na ukizidisha itamezwa na uso.

Anga hukolezwa kwa kushusha bluu. Ukishusha mno, chenga hujaa angani, na ukingo mweupe huzunguka makuti ya mnazi. Faili ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ndiyo maana anga hukatika mistari mistari. Faili ghafi (RAW, data ya kamera kabla ya kuchakatwa) ya biti 14 ina ngazi 16,384, hivyo huvumilia zaidi.

Anayetumia filamu hufanya uamuzi huu kabla ya kubonyeza. Filta nyekundu namba 25, kioo chekundu kinachowekwa mbele ya lenzi, hutia anga giza, lakini huhitaji mwanga mara 8 zaidi: kasi ya sekunde 1/500 inashuka hadi 1/60.

Dhana: Picha za kale zinaonyesha weusi na weupe kama jicho lilivyouona.

Sahani za mwanzo za kamera, yaani vioo vilivyopakwa kemikali kabla ya filamu, ziliona bluu na mwanga wa urujuani tu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba zikitiwa rangi maalumu zinaona na kijani, ila nyekundu ilichelewa sana. Ndiyo sababu anga la picha za karne ya 19 huwa jeupe tupu, na nyuso za kahawia zimetoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Nguo nyekundu na nguo nyeusi zaweza kufanana kabisa. Anayeipaka rangi picha ya babu kwa programu anabahatisha.

Dhana: Sinema za zamani hazikuwa na rangi kwa sababu rangi haikuwepo.

Kwa picha za kawaida, sahani za rangi za Autochrome ziliuzwa tangu 1907, na kwenye sinema filamu nyingi bubu zilichovywa rangi: bluu kwa usiku, kaharabu kwa mwanga wa taa. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1939 hadi 1966, Oscar ilitoa tuzo mbili za upigaji picha, moja ya rangi na nyingine ya nyeusi na nyeupe. Watu walikuwa wanachagua.

Dhana: Picha mbovu huokolewa kwa kuondolewa rangi.

Huokoka moja: ile ya ukumbini, balbu ya njano upande huu na taa ya kijani upande ule. Paji la uso lililopigwa na jua la saa sita hadi likawa jeupe tupu pichani lina 255, na litabaki 255. Kabla ya kupiga, msogeze mtu barazani, mwanga umpige kwa ubavu.

Mwisho ni uchapishaji. Maabara nyingi hutumia karatasi ya rangi, na picha hurudi na ukijani au uwaridi. Agiza kipande kidogo kwanza, ukikague dirishani mchana, si chini ya taa ya dukani.