Anayoambiwa Mtoto wa Kidato cha Nne Kuhusu Kiingereza, na Yaliyo Kweli

Makambi ya mitihani yakianza hapa Pemba, watoto wa kidato cha nne huhamia skuli na magodoro yao. Kila mmoja huja na maneno aliyoyabeba kwao au kwa waliomtangulia. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na maneno hayo nayajua kabla hayajatamkwa. Baadhi yake yanawapotezea alama watoto ambao wangefaulu.

"Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza chao."

Zipo skuli ambazo mtoto akisikika anasema Kiswahili huadhibiwa. Inaniuma, kwa sababu dawa tunaitupa pamoja na ugonjwa. Ni kweli Kiswahili huacha nyayo kwenye Kiingereza cha mtoto, lakini nyayo hizo zinafuatika.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha ya siku ya kuchuma karafuu. Ilianza hivi: "I woke up at twelve in the morning. My mother she had worn a kanga and my brother had slept." Asiyetujua atashangaa mtoto kuamka usiku wa manane, sisi tunajua ni saa kumi na mbili asubuhi. Ile "my mother she" imetoka kwenye kiambishi: kwetu huwezi kusema "mama" ukaruka hadi kwenye kitendo, lazima "a" ikae, naye kaitafutia nafasi. Na "had worn", "had slept" ni alikuwa amevaa, alikuwa amelala. Kwetu -me- hubeba hali iliyopo. Kiingereza hapo kinataka "was wearing" na "was asleep".

Nilimwita tukakaa na buku lake. Upande mmoja tukaandika amelala, amevaa, amekaa, amesimama, ameshika. Upande wa pili Kiingereza chake. Alipofika kwenye "ameshika" aliinua kichwa: "Kumbe yote haya ni kosa moja, mwalimu?" Ndiyo, ni kosa moja. Bila ya Kiswahili nisingeweza kumwonesha.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, lugha yake ya kwanza ni Kiswahili na riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Kiswahili hakikumzuia.

"Riwaya usiisome yote, notisi zinatosha."

Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Fotokopi za notisi huzunguka dahalia nzima: dhamira sita, wahusika watano, basi. Mtihani unauliza jinsi mandhari yalivyouchochea mgogoro, mtoto anamwaga dhamira zake sita na anatoka akiamini amejibu vizuri. Msahihishaji anatafuta jibu la swali lililoulizwa, pamoja na ushahidi: nani, alifanya nini, wapi, ikawaje. Ushahidi wa namna hiyo hukaa kwa aliyesoma kitabu.

Na mtoto huyuhuyu kwenye Fasihi ya Kiswahili anatambua tashibiha na sitiari bila ya kusita, anajua mhusika na mandhari ni nini. Kazi ni ileile. Kinachompungukia ni majina yake ya Kiingereza na sentensi za kubebea hoja. Darasani kwangu tunasoma sura kwa sauti, wanabishana kwa Kiswahili mpaka wachoke, kisha kila mmoja anaandika aya moja kwa Kiingereza. Nazisahihisha siku hiyohiyo, zikilala hupoa.

"Maneno makubwa yana alama."

Hayana, yakikaa pasipo pake. Wapo wanaokariri mwanzo mmoja wa insha, "In the contemporary world of science and technology", na kuubandika popote. Nimeukuta kwenye barua ya kumwalika rafiki harusini! Sentensi fupi iliyonyooka hushinda.

"Mtihani uliopita ni mtihani uliopita, wowote utafaa."

Angalia nani kautunga. Mtihani wa kidato cha pili kwetu hutungwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Ule wa kidato cha nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Mtoto wa kidato cha pili anayejipima kwa karatasi za Bara peke yake huenda akakutana na mpangilio asioutarajia. NECTA pia huweka kwenye tovuti yake, bure, ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo mna majibu halisi kwa miandiko ya watoto wenyewe, mazuri na mabaya, na sababu za kupata au kukosa alama. Chapisha kurasa chache uwape darasa. Wakiliona kosa la mwenzao wasiyemjua hulijadili bila ya haya.

"Mzazi asiyejua Kiingereza hana la kumsaidia mwanawe."

Wazazi wengi huniambia hivi kwa unyonge, na si kweli hata kidogo. Baada ya isha muulize mwanao leo kasoma sura gani, akusimulie kwa Kiswahili. Muulize yule mtu kwa nini alifanya vile, na lipi kwenye kitabu linaonesha hivyo. Akibabaika, mrudishe kitabuni, kisha kesho umuulize tena.