Mamlaka ya mzazi yanatoka wapi, na yanakomea wapi? Hizi hapa dhana tano, kila moja na jibu lake.

Dhana: Nimemzaa mwenyewe, kwa hiyo ni wangu.

Hii ina mizizi mirefu kuliko zote. Mwingereza Robert Filmer aliijengea nadharia nzima katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1680: baba humtawala mwana kwa kuwa amemzaa, na wafalme wamerithi ubaba wa Adamu. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alimjibu mwaka 1689. Mzazi, alisema, haumbi mtoto. Hata hajui viungo vyake vinavyofanyika. Na kama kuzaa ndiko kunakoleta mamlaka, mama aliyebeba mimba ana sehemu sawa na ya baba, pengine kubwa zaidi. Tena mtoto akitupwa akaokotwa na mwingine, mamlaka humfuata aliyemwokota na kumlea.

Kwa Locke, basi, mamlaka yanazaliwa na wajibu. Mtoto bado hana akili ya kujiongoza, na anayebeba kazi ya kumwongoza lazima apewe nguvu za kuifanya. Ni amana, na mwenye amana hakabidhiwi zaidi ya kinachohitajika kuitunza. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1797, aliigeuza kabisa hoja ya kuzaa: wazazi wamemleta mtu duniani bila ridhaa yake, kwa hiyo wenye deni ni wao.

Dhana: Mtoto humtii mzazi hadi kaburini.

Hapa heshima na utii vimechanganywa. Heshima, shukrani na kumtunza mzazi aliyezeeka havina mwisho. Utii una mwisho, kwa sababu kilichouhalalisha ni uchanga wa akili. Mzazi anayemchagulia mwanawe wa miaka 30 mke au kazi anatumia mamlaka ambayo msingi wake umeshaondoka. Kilichobaki mkononi mwake ni ushauri.

Dhana: Kabla ya miaka 18 mzazi huamua yote, baada ya hapo hana neno.

Sheria huhitaji mstari, lakini akili haikomai kwa siku moja. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 5, unataka uongozi wa mzazi uendane na uwezo wa mtoto unaokua. Mwaka 1985 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kukubali tiba mwenyewe, ikiwa ana ufahamu wa kutosha kuhusu jambo lenyewe.

Pima kwa jambo, si kwa umri peke yake. Je, anaweza kueleza kwa maneno yake anachochagua, kitakachofuata, na njia nyingine iliyopo? Mtoto wa miaka 12 anaweza kufaulu kipimo hicho kuhusu rafiki wa kucheza naye, akashindwa kuhusu upasuaji. Wazazi wengi hukosea kwa kushikilia kila kitu kisha kuachia vyote kwa mkupuo: kijana anakutana na uamuzi mkubwa ilhali hajawahi kuonja matokeo ya uamuzi mdogo.

Dhana: Mzazi ndiye anayemjua mtoto wake, kwa hiyo asiingiliwe.

Kumjua kunampa mzazi nafasi ya kwanza kuamua, hakumpi kinga. Swali zito ni iwapo uamuzi unaweza kurekebishwa. Mavazi, ratiba ya kulala au ibada ya nyumbani mtoto anaweza kuviacha akikua. Kunyimwa elimu, kuozwa mapema au kukatwa kiungo hakurudishiki. Mwanafalsafa Mmarekani Joel Feinberg, mwaka 1980, aliliita jambo hili haki ya mtoto kuachiwa mustakabali ulio wazi.

Kesi ngumu ni ya mwaka 1972, Mahakama Kuu ya Marekani iliporuhusu wazazi wa Kiamishi (jamii ya Kikristo inayojitenga na maisha ya kisasa) kuwaondoa watoto shuleni baada ya darasa la 8. Jaji William Douglas alilalamika kwamba watoto wenyewe hawakuulizwa. Tunaona alikuwa sahihi: imani iliyolindwa ilikuwa ya wazazi, na miaka iliyotolewa ilikuwa ya watoto.

Dhana: Kumsikiliza mtoto ni kumkabidhi usukani.

Ibara ya 12 ya mkataba uleule inampa haki ya kusikilizwa kulingana na umri na ukomavu wake. Haimpi kauli ya mwisho. Mzazi anaweza kusikia, akakataa, akaeleza sababu. Sababu ikiwa ni "kwa sababu mimi ni baba yako" tu, tumerudi kwa Filmer.