Matende: homa inaingilia katikati ya vidole

Huku kwetu, Lindi hadi Mikindani, mwenye matende hakimbilii zahanati kwa sababu ya uvimbe; ameshauzoea. Huja siku mguu umewaka moto, mitoki imetokeza kwenye kinena na anatetemeka kwa baridi. Wengi huamini mdudu wa matende ameamka, kwa hiyo wanaomba dawa za kampeni, zile zinazogawiwa kwa watu wote kuzuia matende. Dawa hizo, ivermektini na albendazoli, huua vimelea wachanga walio kwenye damu na kukata maambukizi. Shambulio hili la homa haziligusi, na mgonjwa hapewi mpaka lipite.

Kinacholeta homa hiyo ni bakteria. Mishipa ya limfu, inayoondoa maji yanayobaki kwenye nyama za mwili, imeharibika, maji yametuama mguuni na kinga ya hapo ni dhaifu, hivyo upenyo mdogo tu unawatosha. Mimi huanza kwa kutenganisha vidole kimoja kimoja. Mara nyingi nakuta ngozi nyeupe, imelainika, inanuka, na chini kabisa kuna mpasuko: fangasi ndiye aliyefungua mlango. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Weka mgongo wa mkono wako kwenye mguu mmoja kisha mwingine, ulinganishe joto.

Kumfundisha mgonjwa kuosha mguu kwa maneno tu hakutoshi. Lete karai, sabuni ya kawaida na maji safi yasiyo ya moto, umwache aoshe mwenyewe wewe ukitazama. Aanzie juu ya uvimbe ashuke, afungue kila mkunjo, asitumie dodoki wala brashi, asuuze mpaka maji yatoke safi. Wengi hukosea kwenye kukausha: wanafuta juu na kuacha unyevu vidoleni. Kitambaa laini kipitishwe kila upenyo, kwa kugandamiza bila kusugua. Kisha mafuta ya fangasi, kama Whitfield, ila si juu ya kidonda kibichi kwa kuwa yanachoma. Ni kazi ya kila siku. Kwa Newala, ambako maji ni ya shida, ndoo ndogo na kikombe cha kumiminia vinatosha.

Akikaa, mguu uwe juu ya kigoda usawa wa nyonga. Usiku ainue upande wa miguu wa godoro. Mwenye moyo dhaifu asiinue kabla ya kupimwa. Wakati wa kuokota korosho avae viatu vilivyofunika mguu na visivyobana.

Shambulio likija: apumzike, aache mazoezi, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe maji mengi na parasetamoli, na aje aandikiwe antibayotiki. Asikandwe maji ya moto, asichanjwe chale, asifungwe kamba. Mama, baba, nawasihi hapo: chale moja inaongeza mlango mwingine.

Mpeleke hospitali bila kungoja akichanganyikiwa, akitapika mfululizo, akisinzia isivyo kawaida, mguu ukitoa usaha au ngozi ikipasuka, ama saa 24 za matibabu zikipita bila nafuu.