Corpus delicti sio maiti

Juzi nimesikia tena, mtu anasimulia riwaya ya upelelezi, kafika pale muuaji anautupa mwili baharini, akasema kwa uhakika kabisa "hapo kesi imekufa, corpus delicti hakuna". Nimelisikia mara nyingi mno hili, acha niandike.

Kwa kifupi corpus delicti, neno la kisheria, ni ushahidi kwamba kosa lenyewe limetendeka, kabla hujauliza nani kalitenda. Basi.

Neno ndo linapoteza watu. Ni Kilatini, corpus ni mwili, delicti ni "wa kosa", kwa hiyo ni mwili wa kosa, sio mwili wa mtu. Wizi unayo, nyumba iliyochomwa moto makusudi inayo, na huko hakuna aliyekufa. Sisi tunaponzeka zaidi maana kwetu "mwili" ndo namna ya heshima ya kusema maiti, mwili umefika, mwili unaagwa saa nne, sasa ukitafsiriwa hivyo unaliona jeneza moja kwa moja.

Na hadithi zimechangia. Kwenye riwaya maiti ndo inafungua mlango, ipo sakafuni ukurasa wa kwanza, saa ya mkononi imesimama, chai imenywewa nusu, mpelelezi anaisoma kama barua. Bila hiyo msomaji hana cha kutafuta. Ila hiyo ni kazi ya maiti kwenye hadithi, mahakamani mambo ni mengine.

John George Haigh wa Uingereza alijiponza hapohapo. Mwaka 1949 alimuua mjane Olive Durand-Deacon akamyeyusha kwenye pipa la asidi, akiamini mwili ukiisha hakuna wa kumgusa. Wachunguzi wakalichambua tope nje ya karakana yake, wakakuta vijiwe vya nyongo na meno ya bandia, na daktari wa meno wa yule mama akayatambua. Agosti mwaka huohuo Haigh akanyongwa.

Woga wa kuhukumu bila maiti una sababu yake lakini, kule Campden, Uingereza, mwaka 1661 walinyongwa mama na wanawe wawili kwa kumuua William Harrison, mwaka uliofuata Harrison karudi nyumbani mzima. Pale ndo corpus delicti ilikosekana kwelikweli, maana hakuna aliyeuawa.

Kwa hiyo ndugu yangu, muuaji akishautupa mwili baharini sema tu "maiti haijapatikana", inatosha kabisa.