Je, Wajua? Hedifoni ya Ohmu 50 Inaweza Kuilemea Simu Kuliko ya Ohmu 250

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliamini kwamba ohmu, kipimo cha ukinzani wa hedifoni kwa umeme, ni kama kilo. Hedifoni ya ohmu 32 ni mzigo mwepesi ambao simu yoyote hubeba, ya 80 inaitoa simu jasho, ya 250 haiinuki bila amplifaya. Niliyatangaza hayo hosteli nzima kwa sauti ya mtu aliyesoma, na jirani yangu wa chumba akaacha kununua hedifoni aliyokuwa ameipenda kwa sababu yangu. Sijamwomba radhi mpaka leo.

Mimi mwenyewe imani hiyo ilinigharimu shilingi 4,500. Nilikuwa na Koss KSC75, zile hedifoni za klipu zinazoning'inia sikioni kama hereni za plastiki, na maelezo yake yalisema ohmu 60. Nikaingia kibanda kimoja cha Luthuli Avenue, Nairobi, kuuliza. "Ohmu sitini? Bosi, simu haiwezi hiyo," muuzaji akasema, wala hakuwa akinidanganya, aliamini kile kile nilichoamini. Nikatoka na amplifaya, kisanduku cha chuma kinachoenea mfuko wa shati, chenye betri yake na kinobu chake. Sauti ikawa kubwa. Nikasema imekuwa nzuri. Tofauti ya maneno hayo mawili nitairudia.

Fundi wa maabara yetu ya fizikia, mzee wa maneno machache, alikigeuza kile kisanduku mkononi, kisha akaomba maelezo ya hedifoni. "Kijana, umesoma mstari wa ohmu," akaniambia. "Sasa soma ule mwingine." Ule mwingine ulisema desibeli 101, yaani ukubwa wa sauti, kwa miliwati moja ya nguvu ya umeme. Sikuwahi kuutazama.

Hedifoni ni spika ndogo: koili ya waya iliyo karibu na sumaku hutikisika mkondo wa umeme unapopita, kiwambo nacho hutikisa hewa. Amplifaya ndiyo inayousukuma huo mkondo. Simu yenye tundu la hedifoni inayo tayari ndani yake, na tangu Apple walipoondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengi wakawafuata, amplifaya imehamia ndani ya ile adapta ndogo ya waya. Kwa hedifoni za bluetooth imo ndani ya hedifoni zenyewe. Basi amplifaya unayo. Linalobaki kujua ni kama inakutosha.

Ili kulijua hilo, tuchukue mfano wa ploti ya gorofa, yenye wapangaji na tangi la maji juu ya paa.

Presha inayotoka kwenye tangi ndiyo volti. Maji yanayopita kwa dakika ndiyo mkondo. Ohmu ni wembamba wa paipu yako: ohmu nyingi, paipu nyembamba, maji machache kwa presha ile ile. Ukizidisha presha kwa maji yanayopita unapata nguvu ya kufanya kazi, yaani wati. Mpaka hapo hata mimi wa mwaka wa pili nilikuwa sawa.

Kosa langu lilikuwa kusahau kuuliza kila mpangaji anafua nini. Mpangaji wa kwanza ana paipu nyembamba, lakini ana shati moja na soksi. Wa pili ana paipu pana, lakini ana mablanketi sita na mapazia ya sebuleni. Ukitazama paipu tu utamhurumia wa kwanza, kumbe anayelimaliza tangi ni wa pili. Ule mstari wa desibeli kwa miliwati ndio unaokuambia kuhusu nguo: ni wepesi wa hedifoni kuitikia, yaani sauti inayotoka ukiipa nguvu kidogo iliyopimwa. Hedifoni nyepesi kuitikia ni ya shati na soksi. Ohmu peke yake haijui lolote kuhusu mablanketi.

Mfano huu unavuja mahali pamoja. Paipu halisi haibadiliki upana, ilhali ukinzani wa hedifoni nyingi hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa. Ile namba ya kwenye boksi ni ya kukadiria. Kwa kazi yetu inatosha.

Kampuni ya Beyerdynamic imetupa mfano mzuri, maana hedifoni yake ya DT 770 Pro huuzwa kwa ohmu 32, 80 na 250. Umbo ni lile lile, na wepesi wa kuitikia ni karibu ule ule, desibeli 96 kwa miliwati. Kilichobadilika ni waya wa koili: mwembamba zaidi, mizunguko zaidi, ohmu zaidi. Tuseme unataka vilele vya muziki vifike desibeli 110, kiwango ambacho ni cha ukarimu kupita kiasi. Zote zitadai nguvu ile ile, miliwati 25 hivi. Ile ya ohmu 32 itaichukua kwa volti 0.9 na mkondo wa miliampea 28. Ya ohmu 250 itaichukua kwa volti 2.5 na miliampea 10. Nguo ni zile zile, paipu ndiyo tofauti. Ya 250 ikitoa sauti ndogo kwenye simu, si kwa kuwa ni nzito. Inadai presha, na simu nyingi zenye tundu huishia kati ya nusu volti na volti 1.

Upande wa pili iko hedifoni ya HE-6 ya kampuni ya HiFiMan. Ohmu 50 tu. Kwa hesabu yangu ya kilo, simu ingeibeba kwa kidole. Lakini wepesi wake ni desibeli 83.5 kwa miliwati, na kuifikisha kwenye zile desibeli 110 kunadai karibu volti 4.7 na miliampea 95, yaani miliwati 450 hivi. Hiyo ni mara 18 ya nguvu inayotakiwa na DT 770 ya ohmu 250. Wenye HE-6 walifikia kuziunganisha na amplifaya za spika za sebuleni, jambo ambalo kwa hedifoni nyingine yoyote ningeliita wazimu. Hakuna mwanafunzi atakayeinunua kwa bei yake, lakini nampa kila mtu mfano huu kwa sababu unaivunja hekaya ya ohmu kwa pigo moja.

Hesabu yenyewe haihitaji kikokotoo. Chukua desibeli kwa miliwati, uongeze namba inayolingana na ohmu: ohmu 16 ongeza 18, ohmu 32 ongeza 15, ohmu 60 ongeza 12, ohmu 80 ongeza 11, ohmu 250 ongeza 6, ohmu 300 ongeza 5. Jibu ni sauti utakayopata kwa volti 1. Koss yangu: 101 jumlisha 12, desibeli 113. Chanzo cha volti 1 kingenifikisha mahali ambapo sikio linauma, na kile kisanduku cha 4,500 hakikuwa na kazi ya kufanya.

Kuna mtego. Baadhi ya watengenezaji hutoa namba hiyo ikiwa tayari kwa volti 1. Hedifoni ya Sennheiser HD 650, yenye ohmu 300, huandikwa desibeli 103 kwa volti 1. Ukiongeza 5 juu yake umehesabu mara mbili. Tazama herufi zilizo baada ya mkwaju (/): mW ni miliwati, V ni volti.

Maelezo ya amplifaya nayo yana ujanja wake. "Miliwati 500" inasikika kama nguvu ya matatu ya Rongai, lakini kwa ohmu ngapi? Miliwati 500 kwa ohmu 32 ni volti 4. Volti hizo hizo 4 kwenye hedifoni ya ohmu 300 ni miliwati 53. Zinatosha kabisa, ila si 500. Kwa hiyo mwenye hedifoni ya ohmu nyingi aulizie volti, na mwenye hedifoni ya ohmu chache iliyo nzito kuitikia aulizie mkondo. Mwenye iafoni, zile ndogo za kuingiza sikioni, za kawaida za ohmu 16 au 32, zenye desibeli 100 na zaidi, hana haja ya kuulizia chochote. Tena amplifaya yenye nguvu nyingi itamletea mvumo wa chinichini, shhh, kila wimbo unapotulia.

Sasa lile la "kubwa" na "nzuri". Sikio halitenganishi mambo hayo mawili kwa urahisi. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walichora mistari inayoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo tunayoikosa kwanza. Ukipandisha sauti, besi inarudi kwa kasi kuliko sauti za katikati, na muziki unaonekana kunenepa. Hata ongezeko dogo, la desibeli moja hivi, mara nyingi halisikiki kama "sauti imepanda" bali kama "imekuwa safi zaidi". Ndiyo sababu wapimaji makini husawazisha viwango hadi ndani ya sehemu ya kumi ya desibeli kabla ya kulinganisha. Mimi Luthuli sikusawazisha kitu. Nilizungusha kinobu nikatabasamu.

Kuhusu wanaosema amplifaya hii ina sauti ya joto na ile ina sauti ya ubaridi, ushahidi ni mwembamba. Amplifaya mbili zenye vipimo vizuri, zikisawazishwa na msikilizaji asipoonyeshwa ipi ni ipi, huwa ngumu sana kutofautisha. Zile za zamani za mirija ya kioo naziweka kando, kwa kuwa baadhi huongeza upotoshaji wao kwa makusudi. Na tofauti moja ni ya kweli: ukinzani wa amplifaya yenyewe. Turudi kwenye ploti. Ikiwa bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi ni jembamba, presha yako huanguka kila unapofungua mfereji wako kabisa. Iafoni zenye spika nyingi ndogo ndani hufungua mfereji kwa noti fulani na kuufunga kwa nyingine, hivyo noti hizo hupanda na kushuka bila ridhaa ya mwanamuziki. Kanuni ya mitaani ni kwamba ukinzani wa amplifaya uwe chini ya sehemu ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa iafoni za ohmu 16, chini ya ohmu 2.

Basi ukiwa na pesa za mwanafunzi? Kama simu yako haina tundu, anza na adapta ya USB-C yenye chipu ya sauti ndani. Nasema "yenye chipu" kwa sababu zipo adapta ambazo ni waya mtupu, na hizo hufanya kazi kwenye simu chache tu zilizoandaliwa kwa ajili yake. Nenda na simu yako na hedifoni yako, ujaribu pale pale kabla ya kutuma M-Pesa. Ile ya Apple huuzwa Marekani kwa dola 9 na vipimo vyake vinaaibisha vifaa vya bei mara kumi. Modeli A2049 hutoa volti 1. A2155, ya soko la Ulaya, hutoa nusu yake kwa sababu ya kanuni za huko za kulinda masikio, na kwa macho ni pacha. Kwenye simu kadhaa za Android, hata hiyo ya volti 1 hulia kidogo kuliko uwezo wake. Ukiwa na HD 650 au DT 770 ya 250, tafuta adapta ya kampuni yoyote inayoahidi volti 2: HD 650 itafika desibeli 109, na kazi imekwisha. Kisanduku chenye betri ni hatua ya mwisho, baada ya hesabu kukataa.

Wanafunzi wa uhandisi wana njia nyingine. Mwaka 2011 mtu aliyejiita NwAvGuy alichapisha mchoro kamili wa amplifaya ndogo ya betri mbili za volti 9, ikaitwa O2, pamoja na vipimo vyake vyote, ili yeyote aijenge. Mwaka 2012 akanyamaza ghafla. Hakuwahi kujitambulisha, na O2 inaendelea kujengwa.

Jambo moja nililichelewa kuliona, nikiwa kwenye matatu ya Thika Road nimefungua kile kisanduku mpaka mwisho. Sikuwa napigana na ohmu, nilikuwa napigana na injini na spika za chini ya viti. Zile klipu za Koss ziko wazi, hazizuii kelele hata kidogo, na Shirika la Afya Duniani linatoa kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mimi nilikuwa nazimaliza saa zangu kabla ya kufika Githurai. Iafoni za kuziba sikio, zikikaa vizuri, hupunguza kelele kwa takriban desibeli 20, ingawa kwa ngurumo nzito ya injini ni pungufu. Desibeli 20 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara 100. Zinategemea vile vipira laini vinavyokuja bure kwenye boksi, saizi tatu, na wengi wetu hutupa jozi mbili bila kuzijaribu.