Uambishaji katika Kiingereza: kazi nane mkiani mwa neno

Uambishaji ni kulibadilisha umbo neno ili lionyeshe jambo la kisarufi, kama vile wingi, wakati, umilikaji au ulinganishi, huku likibaki neno lilelile. Kitabu na vitabu ni neno moja lenye maumbo mawili. Msomaji ni neno jingine, ingawa limetokana na soma, na kazi hiyo ya kuzaa maneno mapya huitwa unyambulishaji. Katika Kiingereza, -er ya taller ni ya uambishaji, ila -er ya teacher ni ya unyambulishaji. Sura moja, kazi mbili.

Kiswahili hupakia sarufi yake nyingi mbele ya neno: ni-li-m-pig-a. Kiingereza huiweka yote nyuma, na mzigo wenyewe ni mdogo. Kazi ni nane tu: wingi (books), umilikaji (Asha's), nafsi ya tatu umoja wakati uliopo (walks), wakati uliopita (walked), umbo linalofuata have (eaten), tendo linaloendelea (walking), na viwango viwili vya ulinganishi (taller, tallest). Ile -s peke yake inabeba tatu kati ya hizo. Mkia huo ni rahisi kuuchukua kuwa sehemu ya neno. Sisi tuliipokea socks pamoja na wingi wake tukapata soksi, na leo mtu anavaa soksi moja bila wasiwasi. Waingereza nao hawajapona: zamani punje moja ya njegere ilikuwa pease, wakadhani ile s ni ya wingi, wakaikata, ikabaki pea.

Kinachomsumbua zaidi mzungumzaji wa Kiswahili ni hesabu ya alama. Ukisema “vitabu vikubwa viwili vimeanguka”, umetaja wingi mara nne. Mwingereza akisema two big books fell, alama ya wingi iko kwenye books peke yake. Big haiguswi, na fell ingekuwa hiyohiyo hata kama kitabu ni kimoja.

Kwenye kitenzi ni hivyohivyo: alama ya wakati huwekwa mara moja, tena kwenye kitenzi cha kwanza katika kundi. Did not went ni kosa kwa sababu did tayari imechukua wakati uliopita, kwa hiyo kinachofuata hurudi kwenye umbo tupu: did not go. Does she goes ina kosa lilelile, -s imewekwa mara mbili. Can haichukui -s kabisa, na kinachoifuata pia hakichukui: she can go. Hata more better inaanguka hapo, maana ulinganishi umo ndani ya better. Mwanafunzi akishika kanuni hii moja, makosa mengi ya insha yanaondoka kwa pamoja.

Sauti nayo ina utaratibu wake. Kiambishi -ed hutamkwa kama silabi kamili pale tu shina linapoishia kwa sauti ya t au d: wanted, needed. Kwingineko hakiongezi silabi. Walked ni silabi moja, inaishia kwa sauti ya t. Played pia ni moja, inaishia kwa d. Kwa kuwa Kiswahili kinapenda silabi iishie kwa irabu, wengi wetu husema “woked” au “woketi”, na msikilizaji asiyezoea anababaika. Ile -s hufuata njia hiyohiyo: s katika cats, z katika dogs, na silabi mpya baada ya sauti kama s, z, sh na ch, mfano buses na watches.

Tahajia inataka jicho kali kidogo. Irabu moja fupi ikifuatwa na konsonanti moja katika neno la silabi moja, konsonanti huandikwa mara mbili: stop, stopped. Usipofanya hivyo unabadilisha neno, kwa sababu hopping ni kurukaruka na hoping ni kutumaini. Neno la silabi mbili hurudufisha mkazo ukiwa mwishoni (beginning), si ukiwa mwanzoni (visited). Waingereza huandika travelled kinyume cha kanuni hiyo, Wamarekani huandika traveled. Y inayotanguliwa na konsonanti hugeuka: study, studies. Ikitanguliwa na irabu inabaki: plays.

Maneno yanayokaidi ni machache ila hutumika kila siku, na ndiyo maana hayafi. Feet ilitokana na kiambishi cha wingi cha kale chenye sauti ya i. Kiliivuta irabu ya foot ikabadilika, kisha chenyewe kikatoweka. Went ilikuwa mali ya kitenzi kingine, wend, go ikaiazima isirudishe. Be ina maumbo manane: be, am, is, are, was, were, being, been. Haya hukaririwa tu.

Yale yasiyobadilika ndiyo yenye mtego. Cut ni cut leo na jana. Kwa hiyo she cuts the rope ni hukata kamba, na she cut the rope ni alikata kamba. Herufi moja ndiyo inayobeba wakati wote wa sentensi, nayo ndiyo ambayo mwandishi mwenye haraka huisahau.