Mfungamano wa jeshi na viwanda: Eisenhower alimaanisha nini hasa?

Kila vita ikizuka mahali, haipiti wiki utasikia mtu anasema hapo ni biashara ya silaha tu, kuna watu wamekaa chumba kimoja wamepanga wauze mabomu. Na akitaka neno lake liwe na uzito anamtaja Eisenhower, kwamba hata rais wa Marekani mwenyewe alishasema, kwenye hotuba yake ya kuaga ya 1961 alipoonya kuhusu mfungamano wa jeshi na viwanda. Sasa mimi hii hotuba nimeisoma mara nyingi sana na naona tunamsingizia mzee wa watu. Hakusema kuna watu wamekaa chumba kimoja. Alichosema ni kibaya zaidi, maana chumba kimoja unaweza kukivamia, ukakamata watu, ukamaliza kazi.

Tuanze na neno lenyewe, kwa Kiingereza military-industrial complex. Kwa Kiswahili wengine wanaandika muungano wa jeshi na viwanda, wengine mtandao wa kijeshi na kiviwanda. Neno muungano silipendi hapa kwa sababu kwenye muungano watu wanakaa, wanakubaliana, wanatia saini, kama Tanganyika na Zanzibar 1964, wakati hiki anachokielezea hakuna aliyesaini popote. Na mtandao kwetu unaleta harufu ya majambazi. Naona mfungamano ndo linakaribia. Fikiria mikoko kule pwani, kila mti umeota kivyake, hakuna mkoko ulioomba ruhusa kwa mwenzie, ila baada ya miaka ukitaka kung'oa mmoja unakuta mizizi imeshikana huwezi kujua upi ni wa upi.

Dwight Eisenhower alikuwa mwanajeshi, tena jenerali wa nyota tano, ndo aliyeongoza majeshi ya washirika kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Akawa rais kuanzia 1953 hadi Januari 1961. Kwa hiyo anayeonya hapa sio mwanaharakati wa amani wala mpinzani wa jeshi, ni mtu aliyevaa kombati karibu maisha yake yote ya kazi, anazijua bei za vifaa, anawajua majenerali kwa majina na anajua wanavyoomba hela.

Hotuba aliitoa tarehe 17 Januari 1961, saa mbili na nusu usiku kwa saa za Washington, kwenye runinga, amekaa mezani kwake anasoma karatasi. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu Kennedy aapishwe. Hotuba yenyewe kama robo saa hivi, haina makelele, na usipokuwa makini pale pazito panakupita.

Akaanza kwa kueleza kitu ambacho watu wengi wakinukuu wanakiruka. Alisema mpaka vita kuu ya pili Marekani haikuwa na tasnia ya silaha ya kudumu, watengeneza majembe wakihitajika walikuwa wanageuka wanatengeneza mapanga. Ukiwa umeisoma Isaya unajua anakopita, nao watafua panga zao ziwe majembe. Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Februari 1942 viwanda vya magari Marekani vilisimamisha kutengeneza magari ya raia, Ford wakawa na kiwanda kikubwa kule Willow Run, Michigan, kinatoa ndege za kudondosha mabomu aina ya B-24, na ilifika wakati 1944 ndege moja inatoka karibu kila saa. Saa moja, ndege nzima ya injini nne! Vita ikaisha, wakarudi kwenye magari. Yaani vita ilikuwa kama kazi ya msimu, mvua ikikata unarudi kwenye shughuli yako.

Ila ikaja vita baridi, ikaja Korea 1950, yakaja makombora ya nyuklia ambayo huwezi kuyatengeneza kwa kushtukizwa. Eisenhower akasema wazi hatuwezi tena kusubiri mpaka vita ije ndo tuanze kuhangaika, tumelazimika kuwa na kiwanda cha silaha cha kudumu na kikubwa. Watu milioni tatu na nusu walikuwa wanafanya kazi moja kwa moja kwenye sekta ya ulinzi, na hela iliyokuwa inaenda huko kwa mwaka ilizidi faida halisi ya makampuni yote ya Marekani ikijumlishwa. Hakusema vifungwe, alisema vinahitajika. Ndo maana nasema wanaomfanya mpinga jeshi hawajamsoma.

Halafu ndo akatoa lile onyo. Kwa maneno yangu: kwenye vikao vya serikali tujilinde dhidi ya mfungamano huu kupata ushawishi usiostahili, uwe umetafutwa au haukutafutwa. Hapo kwenye haukutafutwa ndo roho ya hotuba nzima ilipo, na ndo pale ambapo watu wa chumba kimoja wanapotea njia. Anakwambia nguvu inaweza kurundikana mahali bila mtu yeyote kuitaka, kila mmoja anafanya kazi yake vizuri kabisa na kwa nia njema, na bado nchi inavutwa upande ambao hakuna raia aliyeupigia kura.

Inakuwaje sasa? Chukua ndege ya kivita ya F-35. Kampuni mama ni Lockheed Martin, lakini vipuri vyake vinatoka kwa wauzaji waliosambaa kwenye majimbo zaidi ya 40 ya Marekani. Huyu anatengeneza bawa, yule nyaya, mwingine skrubu maalumu tu. Weka sasa mbunge wa eneo dogo ambalo kuna kiwanda kimoja kimeajiri watu mia tatu, wana mikopo ya nyumba, watoto wako shule, duka la chakula la jirani linaishi kwa mishahara ya hao mia tatu, hata kanisa sadaka yake inatoka hapohapo. Unaletwa muswada wa kupunguza idadi ya ndege. Mbunge huyu hajahongwa hata senti, pengine hata vita havipendi, lakini atapiga kura gani? Na kuna wenzake kibao kwenye hali ileile. Kampuni haihitaji kumnunua mtu, mgawanyo wa kazi tu unatosha. Jeshi linataka kifaa kipya kwa sababu kazi ya jeshi ni kuogopa mapema, kampuni inataka oda, mbunge anataka ajira zibaki kwao. Wamarekani wanaiita pembetatu ya chuma, na jina limekaa.

Halafu kuna suala la wastaafu. Mwaka 1959 kamati ya bunge lao ilichunguza ikakuta maofisa wastaafu zaidi ya 1,400, kuanzia cheo cha meja kwenda juu, wameajiriwa kwenye makampuni makubwa yanayouzia jeshi. Jenerali anachukua kiinua mgongo chake, wiki inayofuata anarudi ofisi ileile ila sasa amekaa upande wa muuzaji, na anayempokea ni kijana aliyekuwa anampigia saluti. Mpaka leo iko hivyo. Lloyd Austin alistaafu jeshi 2016, akaingia bodi ya Raytheon wanaotengeneza makombora, 2021 akawa waziri wa ulinzi. Hakuna sheria aliyovunja, bunge lilimpa hadi kibali maalumu. Swali la Eisenhower ni kwamba katika mzunguko kama huo, nani anabaki nje wa kuuliza kama hiki kitu tunakihitaji kweli?

Kuna kitu alikisema kesho yake, tarehe 18, kwenye mkutano wa mwisho na waandishi, na kwangu kinaeleza dhana kuliko hotuba. Aliulizwa raia wajilinde vipi, akajibu habari ya matangazo kwenye magazeti, kwamba ukifungua jarida lolote, lenyewe linatangaza kitu kingine kabisa, unakutana na picha ya kombora la Titan au Atlas, na taratibu inakuingia kichwani kwamba shughuli pekee ya nchi hii ni silaha. Yaani mama kafungua jarida atafute mapishi, anakutana na roketi. Hapo mfungamano umeshatoka Pentagon, makao makuu ya wizara yao ya ulinzi, umeingia sebuleni.

Na asionekane malaika. Waziri wake wa kwanza wa ulinzi, Charles Wilson, alitokea kwenye ubosi wa General Motors. Akiwa madarakani vichwa vya nyuklia vya Marekani vilitoka kama elfu moja na kidogo vikakaribia elfu ishirini. Mikoko mingi kaipanda yeye. Lakini pia ni yeye aliyekuwa anawabania wanaotaka zaidi. Baada ya Warusi kurusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, Oktoba 1957 nchi ilitetemeka, wanasiasa wakapiga kelele kwamba Urusi imewaacha mbali kwa makombora, Kennedy akaifanya hoja ya kampeni 1960, na Eisenhower kwa picha za ndege za ujasusi za U-2 alikuwa na kila sababu ya kuona kwamba hilo pengo halipo. Na kweli halikuwepo, waliokuwa mbele ni Marekani wenyewe. Ila uoga ulishauza.

Nyuma kidogo, Aprili 1953, Stalin amekufa mwezi uliotangulia, alitoa hotuba nyingine ambayo ndo naipenda zaidi. Alipiga hesabu kama za sokoni: ndege moja kubwa ya mabomu ni sawa na shule ya matofali kwenye miji zaidi ya 30, au hospitali mbili zenye kila kitu. Ndege moja ya kivita ni nusu milioni ya vipimo vya ngano. Akasema kila bunduki inayotengenezwa ni wizi kwa wenye njaa wasiolishwa. Maneno ya jenerali hayo.

Sasa sisi wa huku tukiiangalia ile tarehe, 17 Januari 1961, hatuwezi kuisoma kama wanavyoisoma wao. Usiku wa siku hiyohiyo, kwenye jimbo la Katanga, Kongo, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alipigwa risasi porini na watu wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Uchunguzi wa baraza la seneti la Marekani 1975 ulionyesha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, chini ya serikali ya Eisenhower ilikuwa imeshapeleka sumu Leopoldville (Kinshasa ya leo) ya kumuulia, ingawa hawakufanikiwa kuitumia. Na Katanga hiyohiyo kuna mgodi wa Shinkolobwe, ulikotoka urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima. Watu wa kule wanaongea Kiswahili, wamechimba kwa mikono yao kitu kilichoanzisha enzi nzima ya silaha ambayo mzee alikuwa analalamikia mezani kwake. Kwenye hotuba hawamo. Onyo lake linauliza mfungamano utaifanya nini demokrasia ya Marekani, wala haliulizi unawafanya nini wanaoishi juu ya madini.

Nchi ikiwa haina viwanda vikubwa vya silaha haina maana kwamba mfungamano haukuhusu. Watanzania tunao mfano wetu na tumeupa hadi jina, chenji ya rada. Mwishoni mwa 2001 serikali ya Uingereza iliruhusu kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada kwa pauni milioni 28, kwa hela ya mkopo, mwaka uleule ambao tumetoka kusamehewa madeni kwa sababu ya umaskini. Clare Short, waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, alipinga kwenye baraza la mawaziri, ila Tony Blair, waziri mkuu, akaunga mkono rada iuzwe. Na moja ya hoja zilizotolewa ni ajira za kiwanda kilichopo kisiwa cha Wight. Umeona? Mbunge wetu wa kiwanda cha watu mia tatu huyo hapo, ila safari hii bili inatumwa Dar es Salaam. Baadaye ikajulikana zaidi ya dola milioni 12 zilipita kwa dalali, na mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, rushwa haikukiri, ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 30, nusu milioni ikawa faini na milioni 29.5 zilizobaki kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania.

Eisenhower alisema kinga ni moja, raia aliye macho na mwenye habari. Kwa rada, waliokuwa macho wapo, wabunge, waandishi na wanaharakati wa hapa na wa kule Uingereza, walipiga kelele miaka, na bila wao hiyo chenji isingerudi. Ila habari zilitoka rada imeshafungwa. Hela zilipokuja, 2012, zikapelekwa kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2002, rada ikiwa ndo imetoka kupewa kibali, alikuwa ameshamaliza la saba miaka minne nyuma.